Red Hands Cave, Glenbrook: njia ni fupi, ukuta unadai muda

Wageni wengi wa Red Hands Cave, pango la Australia lenye alama za kale za mikono ukutani, huondoka kabla macho yao hayajaanza kuona. Hushuka kwenye gari, hutembea dakika chache msituni, hutazama ukuta kupitia kizuizi, hupiga picha mbili tatu na kurudi walikotoka. Mikono myekundu iliyokolea wameiona, kweli. Ile ya njano, ile myeupe iliyofifia na ile midogo ya watoto imewapita. Kwa hiyo maelezo haya yamepangwa kwa lengo moja: ufike pale ukiwa na muda na utulivu, na ujue utazame nini.

Pango lipo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Blue Mountains, jirani na mji mdogo wa Glenbrook, kama kilomita 65 magharibi ya katikati ya jiji la Sydney. Ni nchi ya watu wa Darug, mojawapo ya mataifa mengi ya wenyeji wa asili wa Australia, na hao ndio wenye ukuta. Milima hii iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini ilisajiliwa kwa ajili ya mikaratusi yake na viumbe wake. Michoro haikuwa sababu, na labda ndiyo maana watalii wengi hupita hadi mji wa Katoomba kutazama mabonde na hawajui kwamba wameuacha nyuma ukuta wa aina hii.

Kwanza hakikisha unakwenda kwenye pango lenyewe. Lipo jingine lenye jina hilohilo katika hifadhi ya Ku-ring-gai Chase, upande wa West Head, kaskazini mwa Sydney, na ramani za simu hazijali unamaanisha lipi. Andika neno Glenbrook pamoja na jina la pango. Ukijikuta unaendesha kuelekea baharini, simama, umekosea.

Kwa treni, panda laini ya Blue Mountains kutoka stesheni ya Central. Safari ni saa moja na kidogo hadi Glenbrook. Kutoka hapo unatembea mitaani hadi lango la hifadhi lililopo barabara ya Bruce, kisha unateremka barabara ya lami yenye mteremko mkali hadi kwenye kijito cha Glenbrook Creek. Usiudharau mteremko huo, maana jioni utaupanda ukiwa umechoka. Kwa gari, lango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, au saa moja usiku katika miezi ya kiangazi wanaposogeza saa mbele. Ada ni dola 8 za Australia kwa gari kwa siku. Anayechelewa kutoka atakuta lango limefungwa na gari lake liko ndani.

Jambo linaloharibu safari nyingi kuliko yote ni daraja mfu lililo chini ya mteremko ule. Ni zege tu iliyolazwa kukatiza kijito, na maji yakipanda hupita juu yake. Mvua kubwa ikinyesha, hifadhi hufunga njia, na hakuna njia ya kuzunguka: njia ndefu ya miguu huanzia ng'ambo ya daraja hilo, na barabara ya kwenda kwenye maegesho ya karibu na pango hupita hapohapo. Kinachowachanganya wageni ni kwamba Glenbrook kunaweza kuwa na jua kali huku kijito kimefurika, kwa sababu maji yanatoka bonde la juu ambako mvua ilinyesha usiku. Asubuhi ya safari, kabla hata ya kuchemsha chai, fungua tovuti ya hifadhi za taifa za New South Wales na usome tangazo la siku hiyo. Maji yakiwa juu ya zege, hata kama yanafika kifundo cha mguu tu, usivuke. Zege ina utelezi, na kasi ya maji hayo huwezi kuijua mpaka yamekwisha kukuchukua.

Ukishavuka unachagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuendesha gari kupita barabara ya vumbi hadi maegesho ya Red Hands na kutembea kipande kisichofika kilomita moja kwenda pangoni. Gari dogo la kawaida linapita kukiwa kukavu. Hii ndiyo njia ya wazee, watoto wadogo na mtu mwenye nusu siku tu. Ya pili ni mzunguko wa kama kilomita 8 unaoanzia kwenye daraja, ukifuata Glenbrook Creek kisha kijito kidogo cha Camp Fire Creek, hadi pangoni na kurudi. Tenga saa tatu na nusu, na usizihesabu dakika za kukaa ukutani humo. Mimi nashauri njia ya pili kwa yeyote mwenye miguu mizima, kwa sababu kandokando ya Camp Fire Creek kuna kitu ambacho wa njia fupi hukikosa: mifereji ya kunolea mashoka.

Mifereji hiyo imo kwenye mwamba tambarare karibu kabisa na maji. Ni vijishimo virefu vyembamba, vimechongoka pande zote mbili, vinatosha kulaza kiganja, na mara nyingi vimekaa viwili vitatu sambamba. Fundi wa shoka la jiwe alichagua kokoto ngumu ya mtoni, akaimegua hadi ipate umbo, halafu akaisugua mbele na nyuma juu ya jiwe la mchanga huku akiinyunyizia maji. Chembe za mchanga ndizo tupa yake. Maji huosha unga na kuziacha chembe zikiwa kali. Ndiyo sababu mifereji hii haiko mbali na kijito: pasipo maji, jiwe huzibwa na unga wake lenyewe na kunoa hakuendi. Wengi huikanyaga bila kujua. Kuitofautisha na mashimo ya asili si vigumu. Shimo lililochimbwa na maji ni la duara au halina mpango. Mfereji wa shoka umenyooka, ubavu wake ni laini, na kina chake kinaongezeka polepole hadi katikati. Jua la asubuhi au la alasiri likilala chini, kivuli huonyesha mifereji ambayo saa sita mchana haionekani kabisa. Usimwage kitu ndani yake, usiichore kwa chaki ili ionekane vizuri kwenye picha, na tafuta mahali pengine pa kuweka kiatu.

Njia yenyewe si ngumu, ila haijasawazishwa. Kuna mizizi, ngazi za mawe, na mahali pa kukatiza kijito kwa kukanyaga mawe. Jiwe la mchanga likiwa kavu linashika kiatu vizuri sana. Likilowa na kuota ukungu wa kijani, huteleza ghafla. Vaa viatu vyenye meno, si raba za soli iliyolika. Watu hupotea zaidi kwenye vivuko vya kijito, kwa sababu mguu hutaka kuendelea mbele kwenye ukingo uleule wakati njia imehamia ng'ambo. Ukitembea kidogo tu bila kuona ardhi iliyokanyagwa au alama ya mshale, rudi hadi alama ya mwisho uliyoiona na utazame upande wa pili. Kusonga mbele kwa kubahatisha ndiko kunakowafikisha watu kwenye majabali. Upepo ukivuma sana, usipumzike chini ya mikaratusi mikubwa, kwani huangusha matawi mazima bila onyo.

Beba maji lita mbili kwa kila mtu mzima kwa mzunguko mrefu, na usitegemee ya kijitoni. Miezi mizuri ni kuanzia Aprili hadi Septemba. Disemba hadi Februari joto la bonde hili ni la kuchosha, na siku zenye hatari kubwa ya moto hifadhi inaweza kufungwa kabisa. Katikati ya mwaka jua linazama karibu saa kumi na moja jioni, na korongoni giza huanza mapema zaidi, kwa hiyo anza kabla ya saa nne asubuhi.

Kuhusu nyoka na buibui, uchukue ushauri huu kwa uzito wote. Nyoka wenye sumu kali wapo, hasa kuanzia Septemba hadi Aprili, na buibui wa aina ya faneli (funnel-web) anaishi katika misitu hii. Wote hao hutibiwa kwa njia moja ya huduma ya kwanza, na inahitaji vifaa viwili tu: bendeji pana za kunyumbuka, angalau upana wa sentimita 10, tatu kwa usalama, na fimbo au ubao wa kufungia kiungo. Mgonjwa alale chini, asitembee hata hatua moja. Funga bendeji ya kwanza juu ya alama ya jino, kisha nyingine kuanzia vidole vya mguu au mkono kupanda juu hadi kiungo kizima kifunikwe, kwa mkazo kama unaofunga mguu ulioteguka. Kisha funga gango ili kiungo kisisogee. Usioshe mahali palipoumwa, maana sumu iliyobaki kwenye ngozi huwasaidia madaktari kutambua mnyama. Usichanje, usinyonye. Piga 000. Korongoni mtandao wa simu ni dhaifu, kwa hiyo mwenzako apande juu kutafuta mtandao. Mgonjwa abaki pale alipo. Sumu husafiri kwa msukumo wa misuli, na kutembea ndiko kunakoisukuma. Kupe na ruba ni kero ndogo zaidi: vaa suruali ndefu, ingiza ncha zake ndani ya soksi, na ujikague jioni nyuma ya masikio na kwenye nywele.

Sasa ukuta.

Kwanza elewa kwamba pango hili halina kina kirefu wala giza. Ni kibanda cha mwamba, yaani jabali lililoliwa chini likabaki na paa linaloning'inia. Mwamba wake ni jiwe la mchanga la Hawkesbury, ambalo ni mchanga wa mito mikubwa ya zamani za kale, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, ulioshindiliwa na kugandishwa. Maji ya mvua hupenya ndani ya jiwe hili taratibu yakiwa yamebeba chumvi. Yakifika usoni mwa jabali hukauka, na chumvi hubaki ikiganda kati ya chembe za mchanga. Kadiri fuwele zinavyokua ndivyo zinavyozisukuma chembe hadi zidondoke, moja moja. Ndivyo paa linavyoendelea kuchimbika, na ndivyo vinavyozaliwa vile vitundu vinavyofanana na sega la nyuki unavyoviona kwenye majabali ya njiani.

Hapo ndipo ilipo tabu yote ya uhifadhi. Kazi ileile iliyowapa watu wa Darug kibanda kikavu cha kuishi na kuchora ndiyo inayoutafuna ukuta uliochorwa. Rangi haikai juu ya jiwe kama rangi ya mafuta inavyokaa juu ya ubao. Imeshikamana na chembe za juu kabisa, na chembe ikianguka inaondoka na rangi yake. Mguso wa kidole unafanya kwa sekunde moja kazi ambayo chumvi ingehitaji miaka, tena unaacha jasho na mafuta juu yake. Ndiyo maana kizuizi kimewekwa mbele ya ukuta. Kinakera wapiga picha, naelewa. Lakini ukuta huu uko karibu mno na jiji la mamilioni ya watu kuweza kuachwa wazi.

Vumbi ni adui mwingine asiyefikiriwa. Sakafu ya kibanda ni mchanga mkavu, na kundi la watu wakiburura miguu hurusha vumbi jembamba ambalo hutua ukutani na, likipata unyevu, hugandamana na rangi. Kaa kwenye sehemu iliyotengwa kwa watazamaji na utembee kwa kuinua miguu. Ukienda na wanafunzi, waingie wachache wachache. Katika baadhi ya vibanda vya Australia wahifadhi hubandika ukingo mwembamba wa silikoni kwenye paa ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kutiririka juu ya michoro. Ukiuona mstari kama huo popote, si uchafu, usiubandue.

Ukifika, vua miwani ya jua na usifanye lolote kwa dakika tano. Macho yametoka kwenye mwanga mkali wa msitu, na ukuta uko kivulini. Baada ya muda huo ndipo rangi zinaanza kujitenga. Nyekundu hutoka kwa ngeu, udongo wenye chuma ambao mafundi seremala wa kwetu wanaujua. Njano ni udongo wa ukoo huohuo wenye chuma iliyoshikana na maji. Nyeupe ni udongo laini wa mfinyanzi mweupe. Tahadhari moja: jiwe lenyewe lina mistari ya asili ya kutu, na mgeni huidhania kuwa rangi. Kutu ya asili hufuata tabaka za jiwe na nyufa zake. Rangi ya mtu hukatiza tabaka bila kuzijali.

Alama nyingi zimetengenezwa kwa kupuliza. Ngeu ilisagwa, ikachanganywa na maji, ikatiwa mdomoni, kisha ikapulizwa kuuzunguka mkono uliobandikwa ukutani. Mkono ulipoondolewa, umbo lake lilibaki kwa rangi ya jiwe tupu, likizungukwa na wingu la rangi. Nyingine ni za kuchapa: kiganja kilipakwa rangi na kukandamizwa ukutani, kwa hiyo mkono ndio wenye rangi na pembeni ni jiwe. Kuzitofautisha tazama ukingo. Alama ya kupulizwa ina ukingo mkali upande wa ndani, na rangi inayopungua polepole kwenda nje. Alama ya kuchapwa ina mapengo katikati ya kiganja, pale ngozi isipogusa jiwe. Halafu tafuta mahali alama mbili zinapopandana na ujiulize ipi imekatwa na nyingine. Iliyokatwa ndiyo ya kwanza. Kwa njia hii tu unaanza kuona kwamba ukuta haukuchorwa siku moja. Watu walirudi, na waliorudi waliziona alama za waliowatangulia.

Inua mkono wako hewani, mbali na ukuta, unyooshe vidole, na ufumbe jicho moja. Linganisha. Utaona viganja vya watu wazima, na utaona vingine vya mtu aliyeinuliwa, au aliyesimama chini kabisa, akiwa mtoto. Naona hakuna maelezo ya kibao yanayoshinda hatua hiyo moja.

Umri unaotajwa kwa mikono hii ni kati ya miaka 500 na 1,600. Ni makadirio, na sababu yake ni ya kikemia. Kipimo cha kaboni kinahitaji kitu kilichowahi kuwa hai, kama mkaa, na ngeu ni madini. Kwa hiyo watafiti hutafuta kitu cha pembeni. Kule Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, walipima mabaki ya viota vya nyigu wa udongo vilivyojengwa chini na juu ya rangi, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba mchoro mmoja wa kangaruu una umri wa miaka kama 17,300. Bahati ya kiota kukaa mahali panapofaa haipatikani kila ukutani.

Kwa picha, zima mwanga wa kamera. Mbali na heshima, mwanga wa moja kwa moja hufuta tofauti ndogo za rangi na kurudisha mng'ao kutoka kwenye kizuizi. Siku ya mawingu ni bora kuliko siku ya jua. Sogeza lenzi karibu na kizuizi, ikinge kwa kofia, na upige picha kadhaa kwa mwanga tofauti. Nyumbani unaweza kuzipitisha kwenye DStretch, programu iliyotengenezwa na Jon Harman kwa kazi hii hasa: huzitanua tofauti za rangi ambazo jicho haliwezi kuzitenga, na mikono iliyofifia hujitokeza. Zamani wapiga picha walikuwa wakimwagia maji michoro ili ing'ae. Maji hayo yaliamsha chumvi iliyolala, na madhara yake yalionekana miaka baadaye.

Msomaji wa Tanzania atayakumbuka mapango ya Kondoa, yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kule Mongomi wa Kolo watu bado wanakwenda kutambika, na kuliwahi kuchimbwa na wasaka hazina chini ya michoro. Mambo hayo mawili yana uzito hapa pia. Ukuta wa Glenbrook una wenyewe walio hai, na Wadarug wengi wanaishi leo katika vitongoji vya magharibi mwa Sydney. Ukipata nafasi ya kutembea na kiongozi wa asili ya Darug, ichukue na umlipe vizuri. Yapo anayoweza kuyasema na yapo asiyoruhusiwa kuyasema, na kumshinikiza ni utovu wa adabu. Milima hii ina maeneo mengine mengi yasiyowekwa kwenye ramani kwa makusudi. Ukikutana nalo kwa bahati, litazame bila kugusa, uondoke, na usiweke mahali lilipo mtandaoni.

Sheria ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori ya New South Wales, ya mwaka 1974, inaifanya kuwa kosa kuharibu vitu na mahali pa urithi wa wenyeji wa asili, na hilo linahusu pia mifereji ya mashoka na vipande vya mawe vilivyochongwa ambavyo mtu angeviona kama kokoto nzuri za kuweka mfukoni. Ukikuta mtu amechora jina lake au amepaka chaki, usisugue wala kumwagia maji, hata kama inaonekana mbichi. Kusugua huondoa chembe za jiwe pamoja na rangi ya zamani iliyo chini. Piga picha ya mahali penyewe, na nyingine ya mbali inayoonyesha ukuta mzima, andika siku na saa, kisha toa taarifa kwa ofisi ya hifadhi siku hiyohiyo. Chaki ya leo mhifadhi anaweza kuiondoa kwa brashi laini. Ikinyeshewa na kukauka mara kadhaa, kazi huwa ngumu zaidi.